Mchakamchaka Usiwe Adhabu



Mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi katika mji kama Gairo, watu hawaulizi anafanya mazoezi gani. Huuliza amefanya nini. Ama amechelewa basi la Dodoma, ama anamkimbiza mwizi, ama mwizi ni yeye. Sisi waseminari tuliowahi kutumwa huko kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo tumeulizwa hivyo zaidi ya mara moja, tena na waamini wanaotupenda na kutukaribisha chai. Mzee mmoja alitusimamisha akatuuliza kwa upole kabisa, "Wanangu, mlezi wenu kawaadhibu kwa kosa gani?"

Tulicheka, naye akacheka. Hata hivyo swali lake lina uzito, kwa sababu halikutoka hewani. Katika fikra za wengi wetu, kukimbia bila mpira mguuni ni adhabu, na tumefundishwa hivyo shuleni.

Sote tuliosoma shule za msingi za Tanzania tunaujua mchakamchaka. Jua halijapanda vizuri, wanafunzi wanajipanga wawili wawili, mwenye sauti anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, vumbi linatimka, na kundi zima linazunguka kijiji. Hakuna mshindi wala wa mwisho. Mtoto mwembamba na mtoto mnene wanakanyaga ardhi kwa mguu mmoja. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa wanasimulia mambo hayohayo kwa fahari, ingawa wakati wenyewe walilalamika.

Lakini katika shule hiyohiyo, saa moja baadaye, aliyechelewa namba anaamriwa auzunguke uwanja mara kumi. Aliyekosa hesabu anaruka kichura. Aliyekutwa akiongea Kiswahili sekondari anapiga pushapu mbele ya darasa, na darasa linacheka. Mtoto ana akili, anajifunza haraka: jasho ni alama ya kosa, na anayehema mbele za watu ni mtu aliyeaibishwa. Akimaliza kidato cha nne anaapa moyoni kwamba hatakimbia tena maishani. Laiti viapo vingine tunavyoapa vingetimizwa kwa uaminifu kama hicho.

Hoja yetu ni kwamba mbio, sawa na zoezi lingine lolote, humbadilisha mtu mwili na moyo pale anapolipenda na kulichagua. Kwa hiyo shule, parokia na nyumba za malezi zinazotumia mbio kama fimbo zinaitia shubiri dawa ambayo watoto hao wataihitaji sana wakifika miaka arobaini.

Tunasema dawa kwa kukusudia. Gairo iko karibu katikati ya Morogoro na Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, milima ya Ukaguru ikiwa jirani na upepo ambao msafiri yeyote aliyeshuka kununua viazi vitamu barabarani anaukumbuka. Tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa. Wilaya imeleta ofisi, ofisi zimeleta viti, na bodaboda zimemaliza kazi iliyobaki. Mtu anapanda pikipiki kutoka nyumbani hadi ofisini, kutoka ofisini hadi kwa mama ntilie, na jioni hadi kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, ambako vijana mia moja wenye afya wanakaa dakika tisini kuwatazama ishirini na wawili wakikimbia. Wote watakuambia wanapenda michezo. Simba na Yanga hatuna ugomvi nazo, tunazishabikia humu ndani kwa kelele nyingi kuliko inavyofaa nyumba ya malezi. Tunachosema ni kwamba presha ya mshabiki haishuki kwa sababu winga wake ana mapafu mazuri.

Kwa kuwa Gairo ni mji wa mabasi, mfano wa mabasi utafaa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa usafiri wa London. Walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Watu hawa walifanya kazi ndani ya gari moja na kuishi maisha yanayofanana. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva alikaa kitini siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo mara chache kuliko madereva, na waliougua walishikwa katika umri mkubwa zaidi na wachache wao walikufa kwa ghafla. Wenye shaka walisema labda wanene ndio huchagua udereva tangu mwanzo. Morris akaenda kupekua vipimo vya sare. Kweli, suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi. Hata hivyo kondakta mnene alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene, na kondakta mwembamba kuliko dereva mwembamba. Ngazi zilikuwa zimefanya kazi yake. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Maelezo yake si mageni kwa aliyesoma baiolojia. Moyo ni msuli, na ukizoezwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo mtu akipumzika hauhitaji kupiga mara nyingi. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na hubaki ikiitikia insulini vizuri hata saa kadhaa baada ya zoezi kwisha. Ndiyo sababu wagonjwa wa kisukari huambiwa watembee. Shinikizo la damu hushuka polepole, wiki kwa wiki. Usingizi huja bila kubembelezwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, na mtoto wa umri wa kwenda shule apate wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Anayetumia dawa za presha au sukari apite kwanza zahanati kabla ya kuanza, wala asiziache dawa zake kwa sababu amenunua raba.

"Mazoezi ya kiasi" ni yapi? Wataalamu wana kipimo rahisi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba wimbo mzima. Wazee wetu waliobuni mchakamchaka walikuwa na kipimo chao, pengine kizuri zaidi. Kiongozi anaimba mstari mfupi, kundi linaitikia maneno mawili matatu, halafu linavuta pumzi. Sauti za kuitikia zikianza kukatika, kiongozi mwenye busara anapunguza mwendo. Wimbo ulikuwa saa, ulikuwa daktari, tena ulikuwa bure. Mwalimu anayewakimbiza wanafunzi kimyakimya huku ameshika fimbo ametupa sehemu bora ya mchakamchaka akabakiza mateso.

Tuje kwenye kujiamini, jambo ambalo watu hulitaja kwa haraka mno kana kwamba linaeleweka lenyewe. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne: mambo aliyowahi kuyafanya akayaweza, kuwaona watu kama yeye wakiyaweza, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wake mwenyewe anapokabili kazi. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Sisi tunaojifunza kuhubiri tuna mwelekeo wa kutegemea cha tatu. Tunamwambia kijana, "Jiamini, Mungu amekupa vipaji," naye anaitika, "Ndiyo frateri," anarudi kukaa ukutani palepale. Maneno yetu ni ya kweli, ila hayana mahali pa kushika.

Tulimfahamu huko kijana mmoja ambaye matokeo yake ya kidato cha nne hayakuwa mazuri. Alikuwa ameacha kuja jumuiya. Hakuwa mgonjwa wala mlevi. Alikuwa anajificha tu, kwa sababu kila aliyekutana naye alimuuliza amepata divisheni gani. Tulipoanza kukimbia asubuhi kwenye njia ya vumbi nyuma ya mji, alitoka akatufuata kwa mbali. Siku ya kwanza alikimbia nguzo tatu za umeme, akasimama, akashika magoti. Hatukumhubiria. Kesho yake alikimbia nguzo nne. Hesabu ya nguzo ina utamu wake, kwa sababu haibishaniwi: jana nne, leo tano, na hakuna mtahini wa kuzisahihisha. Baada ya wiki tatu alikuwa anafika hadi mwisho wa nguzo na kurudi, akiongea njia nzima, na mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Hatudai kwamba mbio zilimfundisha hesabu. Tunachojua ni kwamba mtu aliyekuwa akitembea ameinamisha kichwa alianza kuwaamkia watu yeye kwanza.

Barabara hiyohiyo inayopita Gairo, ukiifuata kupita Dodoma, inakufikisha Singida, alikotoka Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Simbu alishinda mbio za marathoni za wanaume katika mashindano ya dunia ya riadha, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Tunamtaja kwa sababu ya miaka iliyotangulia dhahabu ile. Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. London mwaka 2017 alipata shaba. Paris mwaka 2024 alirudi bila medali. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Mtu aliyepita njia hiyo anajua maana ya nguzo moja zaidi. Vijana wa Gairo, wenye mwinuko, upepo wa kupambana nao na milima ya kupanda kuelekea Nongwe, wana mazingira ambayo wenzao wa Dar es Salaam hulipa nauli kuyafuata. Wengi wao hawatakuwa akina Simbu, wala haihitajiki.

Kanisa halikulala katika hili. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa mfano wa wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi, kwa kuwa michezo ya Isthmia ilichezwa jirani na mji wao na wote waliielewa. Juni 2018 idara ya Vatikani inayoshughulikia walei, familia na maisha ilitoa hati nzima juu ya michezo na mwanadamu. Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa mpanda milima hodari. Hakuna mahali katika urithi huo ambapo mbio ni namna ya kumdhalilisha mtoto.

Tumekutana na mapingamizi, na mengine yana haki. La kwanza hutoka kwa wakulima: jembe ni mazoezi tosha. Ni kweli. Mama anayepanda mlima na gunia la viazi kichwani, akarudi kulima, akachota maji, akapika, hana deni la dakika 150. Anachohitaji ni kupumzika na mtu wa kumsaidia mzigo. Atakayemwambia akimbie asubuhi anastahili kupewa gunia hilo. Tunazungumza na karani, mwalimu, mwenye duka, dereva, bodaboda, na padre.

La pili linauma zaidi, nalo ni la wasichana. Wavulana walipotufuata, watu walitania. Wasichana wawili walipojaribu, maneno yalibadilika: suruali ile vipi, nani ataoa mwenye mbio, wanamfuata frateri gani. Wiki haikuisha wakaacha. Hao walikuwa na uwezo kuliko baadhi yetu, tunasema bila kujikweza wala kujishusha. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA huwapa wasichana nafasi wakiwa wanafunzi, na akina mama wengi wa parokia walikuwa wakali wa netiboli au mbio za kupokezana walipokuwa darasa la saba. Ukiwauliza, macho yao yanang'aa. Kisha wanasema, "Zamani hizo," na umri wao ni miaka thelathini na mbili. Hapa tunaona kazi ya WAWATA kuliko ya waseminari. Akina mama kumi wakitoka pamoja, wamevaa sketi au kanga wapendavyo, hakuna kijana wa kijiweni atakayefungua mdomo, kwa kuwa mmoja wao ni mama yake. Wakitembea kwa kasi badala ya kukimbia, ni sawa vilevile.

Na barabara. Barabara kuu inayopita katikati ya Gairo inabeba malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na mabasi yanayokimbizana na ratiba. Kumwambia mtoto akimbie pembeni mwake saa kumi na mbili asubuhi, giza halijaisha, ni kumtuma hatarini. Mjini Morogoro watu wana njia za kupanda Uluguru, wanajaa huko mwisho wa wiki na chupa zao za maji. Gairo ina njia za vumbi kuelekea mashambani, ambazo ni bora kwa magoti kuliko lami, na ina viwanja vya shule. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Miji mikubwa ilivaa fulana. Huku kwetu agizo halihitaji fulana, linahitaji mahali salama pa kukanyagia.

Turudi nyumbani, kwenye malezi yetu. Ratiba ya seminari ina kipindi cha michezo na kipindi cha kazi za mikono, na wengi wetu tuna miili imara kwa sababu kengele inatulazimisha. Swali ni kitakachotokea kengele ikinyamaza. Tunawaona kaka zetu waliopata daraja: miaka mitano ya gari la parokia, soda katika kila kigango, pilau katika kila ubarikio, na mwili wa mwanariadha unabaki kwenye picha za zamani. Hatuwalaumu, mgeni akikataa sahani ya pili kwa wenyeji, ni kosa kubwa kuliko presha. Lakini tunaona mapadre wakianza dawa za maisha wakiwa bado vijana, na waamini wanampoteza mchungaji mapema bila sababu. Aliyekimbia kwa sababu ya kengele ataacha kengele ikiacha. Aliyegundua humu ndani zoezi moja analolipenda kweli, liwe mbio, baiskeli, voliboli au kupanda mlima kimyakimya, ataondoka nalo. Tungependa walezi wetu waulize hilo kama wanavyouliza juu ya kitabu tunachosoma kwa hiari.

Kwa hiyo tuna maombi machache. Kwa walimu na walezi: adhabu zipo nyingi, na bustani zetu hazijawahi kukosa magugu, mbio na pushapu ziondolewe katika orodha hiyo, na mchakamchaka urudishwe pamoja na nyimbo zake. Mwalimu akimbie na wanafunzi wake, hata mzunguko mmoja. Kwa jumuiya ndogo ndogo: mgonjwa wa kisukari anayeambiwa na daktari atembee asiachwe atembee peke yake kama mwenye mikosi, watu wawili wamsindikize.

Na kwa maparoko na walimu wakuu wa Gairo: viwanja mnavyo. Jumamosi asubuhi vingi viko tupu, mbuzi wanakula majani golini. Tunaomba geti lifunguliwe saa kumi na mbili. Kufika saa moja na nusu kila mtu atakuwa ameshakwenda shambani au sokoni, na mbuzi wanaweza kurudi.